Sakafu ya kule chini: shajara ya kazi, Tudor, Mombasa, Januari hadi Mei 2025

Jumamosi, 11 Januari

Leo nimefungua chumba cha chini na nimekitoa kila kilichokuwemo. Nyumba yetu imejengwa kwenye mteremko wa kuelekea majini, kwa hivyo upande wa barabara chumba kimezama ardhini mita moja na nusu hivi, na upande wa pili kimetokeza, kina madirisha mawili. Unashuka vidato vitano kutoka ukumbini. Watu wa ujenzi hukiita besimenti. Sisi tumezoea kusema "kule chini", na kule chini ndiko kulikokuwa na jenereta bovu, magunia, mikeka iliyoota kuvu na viti vya harusi ya dada yangu.

Nataka kuhamishia cherehani zetu huko. Mama na mimi tunashona kanzu na madera chumbani mwake, vitambaa vimejaa mpaka kitandani. Rajabu imefika katikati. Shaabani ikiingia wateja wa Idi wataanza kubisha hodi. Nimejiwekea mwisho wa Februari.

Nimepima: mita 6 kwa 4, mita za mraba 24. Sakafu ni zege lililosuguliwa niru, yaani simiti tupu, laini kama sahani, na juu yake rangi nyekundu ya mafuta iliyopakwa mara mbili, mara ya pili juu ya ile ya kwanza iliyokuwa imeshaanza kubambuka. Fundi wa wakati ule alituambia itashika. Haikufika miaka miwili.

Nilipokwangua kwa kisu cha puti karibu na ukuta wa barabarani, rangi haikutoka kwa magamba. Ilitoka kama utando wa maziwa, laini, inanata kisuni, na ukiisugua kwa kidole chenye maji inateleza. Hiyo ni sabuni hasa. Zege lenye unyevu lina ukali wa chokaa, na ukali huo ukikutana na mafuta ya rangi huyageuza sabuni, vilevile wanavyopika sabuni kwa mafuta na magadi. Chini ya utando kulikuwa na unga mweupe, na ukiuonja ulimi unawasha. Katikati ya chumba rangi ni ngumu, imekazana, inatoka kwa taabu. Kwa hivyo tatizo haliko sakafu nzima.

Jumapili, 12 Januari

Kukwangua, kutwa nzima. Nimelowesha rangi kwanza ndipo nikaikwangua, maana rangi za mafuta za zamani nyingi zilitiwa risasi na sitaki vumbi lake lipande juu waliko watoto wa dada. Magamba nimeyafunga kwenye mifuko miwili.

Jumatatu na Jumanne, 13 na 14 Januari

Kabla ya kununua hata burashi, nimejaribu unyevu. Nimekata nailoni ngumu vipande vinne, kila kimoja sentimita 45 kwa 45, nikavibandika sakafuni kwa tepu pande zote nne pasiwe na pa kupitisha hewa: kimoja kwenye ukuta wa barabarani, kimoja katikati, kimoja chini ya madirisha, kimoja penye kidato cha mwisho. Muda unaotakiwa ni saa 16 au zaidi. Nimeviacha toka magharibi hadi adhuhuri ya leo.

Matone yakikaa juu ya nailoni, unyevu ni wa hewa ya chumba. Yakikaa chini yake, zege linatoa maji. Katikati na penye madirisha nailoni ilikuwa kavu, zege limekoza rangi kidogo tu. Pa ukuta wa barabarani nilipoibandua ilitiririka. Matone makubwa yalining'inia kama jasho la sufuria ya wali, na zege lilikuwa jeusi.

Jana mwezi ulikuwa mpevu. Hapa Mombasa maji ya bamvu, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na kisiwa chote kimekaa juu ya mawe ya matumbawe yenye vitundu, ndiyo maana visima vya karibu na bahari hupanda na kushuka pamoja na maji. Nikajiambia: bahari hiyo, inatusukumia maji kutoka chini.

Jumatano, 15 Januari

Ami amekuja. Yeye na marehemu baba ndio waliosimamia nyumba hii ilipojengwa. Nilimuuliza kama chini ya zege kuna nailoni ya kuzuia unyevu.

"Hakuna, mamangu," alisema. "Tulishindilia kokoto na mawe ya matumbawe, tukamwaga zege juu. Nailoni wakati ule ni nani aliyekuwa akiweka?"

Basi nimejua jambo moja muhimu: sakafu hii itapumua unyevu wa ardhini maisha yake yote, kidogo kidogo, hata tufanye nini. Rangi nitakayochagua lazima iweze kuvumilia hilo.

Nilimweleza habari ya bamvu. Alishuka, akasimama penye ukuta unaovuja, akanyoosha mkono upande wa madirisha. "Bahari iko huko. Kama ni bahari, mbona upande ulio mbali nayo ndio unaolia?"

Sikuwa na jibu.

Jumanne na Jumatano, 21 na 22 Januari

Maji mafu, siku ambazo bahari haipandi wala haishuki sana. Nimerudia vipande vinne, mahali palepale. Safari hii ukuta wa barabarani umetoa matone madogo machache tu. Kwa upande mmoja hilo linaunga mkono dhana yangu ya bamvu. Lakini swali la ami limenikaa kichwani.

Alhamisi, 23 Januari

Nimepata.

Mtaa wetu maji ya mfereji huja Jumatatu na Alhamisi usiku. Leo saa 5 usiku nilitoka uani kwa sababu nyingine kabisa na nikasikia maji yakidondoka. Tangi liko juu ya slebu, yaani paa la zege. Boya lake limechakaa, halifungi, kwa hivyo likijaa maji yanaendelea kuingia na kutoka kwa bomba la ziada, yanateremka ukutani na kuishia kwenye mchanga kando ya ukuta wa barabarani. Nilimulika kwa simu: ukuta umeota ukoga wa kijani mstari mmoja kutoka juu hadi chini.

Na papo hapo mwisho wa mstari ndipo ulipo muasumini wa mama. Kaskazi yote hii, jua la kupasua mawe, bustani za majirani zimekauka, na muasumini wetu unachanua kila jioni mpaka mama anawagawia watu wa mtaa mzima kwa vikuba. Tulikuwa tukisema mkono wa mama una baraka. Baraka anayo, lakini mti ulikuwa ukinyweshwa mara mbili kwa wiki, na sakafu yetu pamoja nao.

Jaribio langu la kwanza liliangukia Jumatatu ya maji, na la pili Jumanne na Jumatano, siku ambazo maji hayaji. Mwezi mpevu na tangi vilikutana usiku mmoja, nami nikamtia hatiani asiyehusika. Lau ningeanza kwa kununua rangi, ningepaka juu ya chemchemi.

Ijumaa, 24 Januari

Kuhakikisha. Ami amechokora kwa patasi tundu la sentimita 10 pembeni ya ukuta, ndani ya ufa. Baada ya saa moja maji yakajikusanya, kijiko kimoja. Akachovya kidole, akaonja, kisha akaonja maji ya kisima cha jirani ambayo ni ya chumvi. "Haya ya ndani si ya kisimani." Ulimi si mashine, lakini umeelekea kulekule kwenye tangi.

Jumamosi, 25 Januari

Boya jipya. Bomba la ziada tumelivuta mpaka kwenye pipa uani, likifurika tena tutaliona mchana kweupe. Nje ya ukuta tumechimba mtaro wa kina cha nusu mita, tukapiga plasta ya simiti yenye dawa ya kuzuia maji, na juu yake lami mikono miwili, yaani tumepaka mara mbili. Mtaro tutaufukia ikishakauka, mchanga uwe na mteremko wa kutoka ukutani kwenda nje. Muasumini tumeuzunguka taratibu, mizizi imeguswa kidogo. Mama amesimama hapo muda wote.

Jumatatu, 27 Januari hadi Jumamosi, 1 Februari

Wiki ya kusaga. Nimemchukua fundi mtu mzima kutoka Makupa, mpole, mwenye zana zake. Alipoona niru akapiga kofi sakafuni kwa kiganja. "Hii ni kioo, mwanangu. Rangi haina pa kushika. Tia asidi, kazi ya nusu siku."

Nilikuwa nimelifikiria hilo. Asidi ya haidrokloriki iliyochanganywa na maji hula uso wa simiti na kuufanya ukwaruze kama msasa, na watu wengi wanaitumia. Mwenye kuitumia ajue kuwa asidi ndiyo inayomiminwa ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi, na baadaye lazima uiue kwa maji ya magadi na kusuuza mara nyingi. Lakini chumba hiki kiko chini, kina madirisha mawili upande mmoja tu.

"Baba, mvuke wake utatokea wapi?" nilimuuliza. "Na yale maji ya kusuuzia tutayamwaga wapi, nasi tunahangaika kulikausha zege?" Kuna jambo la tatu pia: asidi ikikutana na chokaa ya simiti huacha chumvi, na chumvi tunayo tayari ya kututosha.

Akafikiri kidogo. "Basi tusage."

Tumekodi mashine ya kusagia sakafu, na pembeni ametumia grenda yenye kikombe cha almasi. Kwanza nilipiga burashi ya waya kwenye unga mweupe wote, kukavu, nikaufagia na kuuzoa. Ukiumwagia maji unayeyuka na kurudi ndani ya zege, ukikauka unachomoza tena. Kisha kusaga. Vumbi la zege lina silika, yaani unga wa madini ya mchanga, na silika ikikaa kwenye mapafu haitoki, kwa hivyo tulivaa barakoa zenye vichujio, wala si vitambaa vya usoni, na mashine ya kufyonza vumbi ilifungwa kwenye grenda. Hata hivyo Jumanne nilipovua buibui kope zangu zilikuwa za kijivu.

Niru ilitoka milimita 2 hadi 3. Chini yake zege likajitokeza: chembe za mchanga, na hapa na pale kipande cheupe cha tumbawe kilichokatwa katikati, chenye duara zake ndogondogo kama ua. Kimoja penye kidato cha tatu kimenifanya nikae chini nikitazame. Kiliishi baharini kabla ya sisi sote.

Doa la jenereta lilikuwa kazi peke yake. Mafuta yalikuwa yameingia ndani na rangi haishiki juu ya mafuta. Tulisugua kwa maji moto na sabuni ya unga, tukafunika doa kwa vumbi la mbao usiku kucha lifyonze, tukarudia mara tatu. Kipimo ni tone la maji. Mara ya kwanza tone lilisimama kama shanga, maana yake mafuta yapo. Mara ya tatu likatandaa na kunywewa, zege likakoza papo hapo. Sakafu nzima nimeitembeza na bilauri ya maji na kijiko, kila hatua tone moja. Palipogoma, fundi alirudi na grenda.

Usiku wa Alhamisi 30, usiku wa maji na mwezi ukiwa mwandamo, niliweka nailoni tena. Asubuhi ya Ijumaa ukuta wa barabarani ulikuwa na ukungu, hauna matone. Ardhi iliyonywa miaka yote hiyo haikauki kwa siku tano. Nimeamua kusubiri.

Jumatatu, 3 Februari

Nyufa. Mmoja mrefu, mita 2 na kitu, kutoka mlangoni hadi kwenye nguzo. Fundi ameupanua kwa grenda uwe na umbo la V, milimita 6 hivi, tukaufyonza vumbi na kuujaza puti ya epoksi, ile ya makopo mawili inayokaza ikichanganywa. Ufa mwembamba ukiupaka puti juu juu bila kuupanua, puti hubaki ngozi tu na hutoka yote pamoja.

Pale sakafu inapokutana na ukuta hatukutia kitu kigumu. Ukuta na sakafu havitembei pamoja, joto likibadilika kila kimoja kina mwendo wake. Tumetia mpira wa poliyurethini unaonyumbuka. Kuta zenyewe nimeziacha na chokaa, na hapo sina mjadala: chokaa inapitisha pumzi, unyevu uliobaki ukutani upate njia ya kutokea. Ukipaka ukuta rangi ya plastiki, unyevu utatafuta sakafu.

Alhamisi na Ijumaa, 13 na 14 Februari

Mwezi mpevu, bamvu, na usiku wa maji, vyote kwa pamoja kama mara ya kwanza. Nailoni nne, mahali palepale.

Nimeshuka adhuhuri ya Ijumaa na mama nyuma yangu. Nimeanza kwa ile ya ukuta wa barabarani. Kavu. Zege limekoza kidogo, kama lilivyokoza katikati. Nimepitisha kiganja chini ya nailoni na mkono umetoka mkavu. Mama akasema "Alhamdulillahi" na akapanda kwenda kuumwagilia muasumini, ambao sasa umeanza kulegea majani.

Jumamosi, 15 Februari

Ununuzi, Mwembe Tayari. Muuzaji alinipendekezea epoksi nzito ya thina, ile inayokaa kama kioo, kwa kuwa ndiyo imara kuliko zote. Ni imara kweli, kwa gereji iliyomwagwa zege juu ya nailoni. Kwetu hakuna nailoni. Tabaka lisilopitisha kitu juu ya zege linalopumua husukumwa kutoka chini mpaka liote malengelenge. Nimechukua epoksi ya maji. Ni nyembamba zaidi, inaacha mvuke kidogo upite, na haina harufu ya thina ya kutulevya chumbani. Seti 2 za lita 4, kila seti makopo mawili, kopo A la rangi lita 3 na kopo B la kukazia lita 1. Rangi ni kijivu cheupe, kama majivu ya makaa yaliyopoa. Sindano ikianguka ionekane, shanga ikianguka ionekane. Juu yake poliyurethini angavu ya maji ya kuzibia, lita 2 na nusu. Tuktuk imenileta mpaka mlangoni.

Nimeazima kipima unyevu na kipimajoto, na tangu juzi ninaandika ukutani kwa chaki. Saa 1 asubuhi: hewa nyuzi 29, unyevu asilimia 85, sakafu nyuzi 27. Kwa hewa hiyo umande hutua kitu kikifika nyuzi 26, na sakafu yenye nyuzi 27 imeukaribia mno. Inatakiwa sakafu izidi kiwango cha umande kwa nyuzi 3 angalau. Saa 10 alasiri, madirisha wazi na feni mbili zikizunguka: hewa 30, unyevu asilimia 75, umande 25, sakafu 28. Hapo panatosha. Alasiri ina faida nyingine: zege linaanza kupoa. Zege linapopata joto hewa iliyomo kwenye vitundu vyake hutanuka na kutoboa rangi mbichi, unapata vitundu vya sindano. Linapopoa hewa hurudi ndani na rangi huvutwa nayo.

Wengi hapa huamka alfajiri kupaka rangi, kabla ya jua. Kwa kuta za nje sawa. Kwa sakafu ya chini, alfajiri ndiyo saa mbaya kuliko zote.

Jumapili, 16 Februari, mkono wa kwanza

Saa 10 kamili. Sakafu imefyonzwa mara mbili na kufutwa kwa kitambaa kibichi, ikaachwa ikauke. Glavu tumevaa wote, epoksi mbichi ikizoea ngozi huleta upele usiokoma. Kopo limeandikwa dakika 60 baada ya kuchanganya, kwa nyuzi 25. Kwa joto letu nimehesabu 40.

Epoksi ya maji ina hatari moja ambayo nilikuwa nimeshaisoma. Ile ya thina muda wake ukiisha huwa nzito ndooni, hata ukitaka kuipaka haipakiki. Hii ya maji haikwambii. Inabaki majimaji, inatandaa vizuri, unadhani ni nzima, kumbe imeshakufa. Kwa hivyo kila tukichanganya naandika saa ukutani. Tunachanganya kidogo kidogo kwa jagi la kupimia, sehemu 3 za A kwa 1 ya B, dakika tatu za kukoroga huku tukikwangua kando na chini ya ndoo.

Mimi pembeni kwa burashi, fundi katikati kwa rola yenye mpini mrefu, tukirudi nyuma kuelekea vidato. Zege lililosagwa lilikunywa: lita 3 na nusu zimekwenda, nilitarajia 3. Saa 12 tukawa tumetoka. Tukakaa kwenye kidato cha juu kutazama. Fundi hakusema kitu, alikunywa chai yake mpaka ikaisha.

Jumatatu, 17 Februari, mkono wa pili

Mchanganyo wa mwisho tuliufanya saa 11 na dakika 20. Dakika chache baadaye stima ikakatika. Feni zikasimama, chumba kikawa giza. Tukatafuta taa za kuchaji, tukasogeza ndoo, tukapoteza muda. Zilibaki kama mita mbili mbele ya vidato na rangi ilikuwa ndooni, nzuri, inang'aa. Nilimulika ukutani: dakika 55 zimepita. Nilijua. Lakini kuchanganya tena kwa kipande kile, gizani, fundi amechoka, nami nimechoka. Nikasema tumalizie. Tumetumia lita 2 na nusu.

Jumatano, 19 Februari

Sakafu nzima imekauka na kukaza ila mita mbili zile. Hapo rangi imefifia, haina mng'ao, na ukucha unaacha alama. Nilisema tumalizie mimi, si fundi, na nimemwambia hivyo. Yeye amejibu tu, "Tutoe, mwanangu." Msasa namba 80 hadi kwenye mkono wa kwanza, kufyonza, kufuta, kupaka upya saa 10 alasiri kwa mchanganyo mpya uliokwisha ndani ya dakika 15.

Jumamosi, 22 Februari

Kile kipande kimekaza sawa na kwingine, mpaka wake unaonekana ukiinamia tu. Sakafu nzima tumeipitisha msasa namba 220 kwa wepesi, kuondoa mng'ao ili tabaka la kuziba lishike, kisha poliyurethini. Penye kidato cha mwisho, mahali mama atakapokanyaga kwanza akishuka, nimenyunyiza mchanga msafi uliochekechwa, poliyurethini ikiwa mbichi, na kupaka tena juu. Mguu unashika. Nimeujaribu kwa ndara zenye maji.

Jumamosi, 1 Machi

Siku saba zimetimia, na Ramadhani imetufikia. Kabla ya kuingiza chochote nimechagua pembe iliyofichika nyuma ya mlango, nikachora alama ya X kwa wembe mpaka kwenye zege, nikabandika tepu juu yake, nikaisugua kwa kucha na kuing'oa kwa nguvu. Tepu imetoka safi. Nimefanya vilevile kwenye ukuta wa barabarani, na mkono ulikuwa ukinitetemeka. Safi.

Cherehani mbili zimeshuka kwa kubebwa, hazikuburutwa, na kila mguu una kipande cha mpira. Mama ameketi, ametunga uzi, sindano ikamponyoka. Akainama akaiokota mara moja, bila kupapasa.

Jumamosi, 24 Mei

Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote hapa, na wiki hizi masika imetunyeshea usiku na mchana. Nimesogeza meza ya kukatia na kuikagua sakafu kwa magoti, kuta zote nne. Ukuta wa barabarani nimekuta lengelenge moja, kubwa kama sarafu ya shilingi 20. Nimelitumbua kwa wembe. Hamna maji, mna unga mweupe kidogo, mkavu. Kingine chote kimeshika.

Nimekwangua mpaka kwenye zege, nikapiga burashi kavu, na nimepazungushia alama ya penseli na tarehe ya leo. Sitalipaka sasa. Nitasubiri kaskazi, nione kama unga utarudi ndani ya duara au nje yake. Karibu lita 2 za rangi ninazo, makopo A na B hayajachanganywa, yamefungwa, yako juu kwenye kivuli.

Pipa la uani halijafurika hata mara moja. Muasumini ulipoteza nusu ya majani mwezi wa tatu. Mvua imeurudisha, na tangu juzi una vitumba.